Nimeshona midoli mitatu kwa hii seti, na shida yake kubwa haionekani kwenye picha ya boksi

Naanza na shingo maana ndo iliyonifanya nikae chini niandike. Mdoli wa kwanza tulioshona kutoka kwenye hii seti ulikaa vizuri siku nne tu, ya tano kichwa kikaanza kulala upande, kufika wiki kinaning'inia kabisa, na binti yangu wa miaka mitano akaniletea mkononi ananiambia "mama, shingo inamuuma, mshone tena". Nikafumua mshono nikaangalia ndani. Kumbe kichwani kuna pamba, kifuani kuna pamba, hapo katikati kwenye shingo hamna kitu, ni kitambaa kitupu kimebeba kichwa chote. Mdoli wa pili na wa tatu tumeshona na seti ileile, kitambaa kilekile, pateni (michoro ya kukatia) zilezile, na shingo zimesimama mpaka leo zaidi ya miezi miwili, watoto wanalala nayo, wanaiburuza, wanaivuta mkono mmoja. Kwa hiyo seti siyo mbovu, ila kuna mambo haikuambii na kuna vitu viwili vitatu ndani yake ambavyo mi ningevitoa kabisa, na hayo ndo nataka nikwambie kabla hujatoa hela yako.

Nilichonunua ni seti ya kushonea midoli ya kitambaa nyumbani, imeandikwa inatosha midoli mitatu ya sentimita 30. Ndani kuna kitambaa cha mwili cha pamba kile cha kuvutika kama cha tisheti, rangi tatu za ngozi zote za kahawia, kutoka iliyokolea hadi nyepesi (hili lilinifurahisha sana, binti alichukua ile inayofanana naye akaiweka kwenye mkono wake kupima), vipande vya kitambaa cha maua na cha rangi moja kwa ajili ya nguo, uzi wa kushonea, uzi wa kudarizi rangi sita, uzi wa sufu mweusi na wa kahawia wa nywele, sindano nne ikiwemo moja ndefu kama kidole, pini, pamba ya kujazia gramu 300, vifungo vidogo vyeusi vya macho, karatasi ya pateni na kijitabu cha maelekezo. Hamna mkasi, hamna chaki, hamna subana (kile kikofia cha kukinga kidole). Mkasi sawa kila mtu anao, ila subana waweke jamani, ile sindano ndefu ukiisukuma kupita kichwa kilichojazwa vizuri kidole kinaumia kwelikweli.

Kitambaa cha mwili ndo kitu bora kabisa humu ndani na nakisifia bila kusita. Ni kizito kiasi, kinavuta halafu kinarudi, hakichanuki nyuzi ukikikata, na baada ya kukishona na kukijaza hakikuonyesha vitundu kwenye mshono. Ila hapa ndo kosa la kwanza la kijitabu. Kitambaa cha aina hii kinavutika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na kwa mdoli ule upande wa kuvutika unatakiwa uzunguke mwili, yaani uende kwa upana, usiende kwa urefu. Ukikosea ukaukata kwa urefu, ukianza kujaza pamba mikono na miguu inarefuka tu kila unavyosukuma na mwili unabaki mwembamba kama soksi. Kwenye pateni kuna kamshale kadogo lakini hakuna popote walipoandika kale kamshale maana yake nini! Mi nilijua kwa sababu nimeshawahi kushona nguo za watoto, lakini mtu anayeanza atajuaje? Kabla hujakata shika kitambaa kwa mikono miwili, vuta hivi, halafu geuza uvute vile, utaona chenyewe kinapovutika sana, hapo ndo upana wa mdoli.

Kingine kwenye pateni, hawajasema kama nafasi ya mshono (ule ukingo unaobaki nje ya mshono) imo tayari au unatakiwa uiongeze mwenyewe. Mkono wa kwanza niliongeza, ukatoka mnene kuliko mguu. Imo tayari, ni milimita 6, usiongeze. Na usikate ile karatasi moja kwa moja, ni laini sana, ichore kwanza kwenye kadibodi ya boksi lolote halafu ukate kadibodi, hapo utaitumia mara hamsini na mtoto anaweza kuishika akachora mwenyewe bila kuichana.

Sasa uzi. Huu uzi wa kushonea waliotia ni mwembamba na ni dhaifu, na mi nasema ndo kitu kibaya zaidi kwenye seti nzima. Bibi yao (mama mkwe wangu) alikuja kututembelea siku ya pili ya kazi, akaushika, akauvuta mara moja ukakatika, akaniangalia akasema, "Mwanangu, mdoli si pazia, pazia halivutwi miguu." Akaniambia nitafute uzi wa poliesta imara, na wa kufungia shingo na viungo nichukue ule mnene wa kushonea mabegi. Tena akanionyesha kitu ambacho sikukijua, unachukua kipande cha mshumaa unapitisha uzi juu yake mara mbili tatu kabla ya kushona kwa mkono, nta inashika uzi haujisokoti wala haufungi mafundo njiani. Toka siku hiyo sijawahi kushona mdoli bila mshumaa pembeni. Kama unashona kwa cherehani tumia sindano ya ncha ya mviringo ya vitambaa vya kuvutika, namba 75 au 80, mshono mfupi wa milimita 2 hivi, zigizaga nyembamba kabisa ni nzuri zaidi maana inavutika pamoja na kitambaa. Kwa mkono, rudi nyuma kila hatua, mshono wa kwenda mbele tu utaachia pamba itoke. Na kwapani, shingoni, na pale miguu inapokutana, pita mara mbili hata kama maelekezo hayajasema. Hapo ndo kote kunakochanika kwanza.

Pamba ya kujazia. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu mdoli ni hii pamba, kile cha nje ni ngozi tu. Yenyewe ni poliesta nyeupe, laini, haina harufu, ubora wake sina neno. Shida ni kiasi. Gramu 300 kwa midoli mitatu maana yake gramu 100 kila mmoja, na mdoli wa kwanza niliujaza hivyohivyo kama wanavyosema, ndo huo ulioanguka shingo. Wa pili niliupima kwenye mizani ya jikoni, mpaka mwili ukawa mgumu ninavyotaka umekula gramu 160. Yaani seti inatosha midoli miwili kasoro, ya tatu ujitafutie. Mdoli laini laini siku ya kwanza unapendeza kukumbatia, lakini pamba inajibana kadri mtoto anavyoubeba, na baada ya wiki mbili unakuwa umelegea kila mahali. Inatakiwa ujaze mpaka ukibonyeza uhisi kama unabonyeza mkono wa mtu, unarudisha nguvu kidogo. Unaona umeshajaza? Ongeza tena.

Na namna ya kujaza. Kijitabu kinasema "jaza pamba kidogo kidogo", na watu wengi watafanya vijipira vidogo vya pamba wavisukume kimoja kimoja, mi nilifanya hivyo, matokeo yake ni mguu wenye vinundu kama mfuko wa karanga. Chukua bonge kubwa, lichambue kwa vidole lipate hewa, liingize zima, halafu lingine juu yake kabla la kwanza halijajikaza ili yashikane. Vidogo ni vya vidole gumba na pua tu. Cha kusukumia tumia kijiti chenye ncha butu, mi nina mpini wa mwiko mwembamba, sukuma katikati usisukume kwenye mshono.

Shingo sasa. Nilikata masalia ya kile kitambaa cha mwili, nikayakunja nikayaviringisha yakabana sana yakawa kama kidole gumba kwa unene na sentimita 8 kwa urefu, nikayashona yasifunguke, nikayaingiza nusu ndani ya kichwa nusu ndani ya kifua halafu pamba ikazunguka. Basi. Kichwa hakiendi popote. Kitu kidogo hivi kingekuwa mstari mmoja tu kwenye kijitabu chao na kingeokoa midoli ya watu wangapi sijui. Na kama pamba imekuishia matambara ya ndani siyo aibu, British Museum kule London kuna mdoli wa kitani kutoka Misri wa enzi za Warumi, umejazwa matambara na mafunjo, na bado upo. Ila matambara yawe kiini tu, karibu na ngozi weka pamba la sivyo utaona kona kona kwa nje.

Kuna jambo lingine la ndani ambalo seti haina kabisa nalo ni uzito. Midoli ya poliesta tupu ni miepesi mno, mtoto akiikalisha inaanguka nyuma. Käthe Kruse wa Ujerumani, ambaye baadaye midoli yake ilikuja kujulikana sana, inasimuliwa kwamba mdoli wa kwanza aliomtengenezea binti yake mwaka 1905 ulikuwa taulo limejazwa mchanga na kichwa cha kiazi, na mi nikisoma hivyo nilielewa mara moja, mtoto anataka kitu kinachokaa mkononi kama mtoto kweli. Kwa hiyo mdoli wa tatu nilitia kifuko kidogo cha mchanga safi mkavu sehemu ya makalio, kifuko nimekishona mara mbili kwa uzi mnene na kukivika kingine juu yake. Unakaa wenyewe kwenye kiti sasa! Huo ni wa kijana wangu mkubwa wa miaka tisa, siwezi kumpa mtoto mdogo mdoli wenye mchanga ndani, na siuloweki majini, naupangusa tu na kitambaa chenye sabuni.

Hapo hapo kwenye usalama, vile vifungo vya macho. Nimevitoa. Boksi limeandikwa ni kwa familia nzima, halafu ndani kuna vifungo vidogo kuliko ukucha wangu, na nyumbani kwangu kuna mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu anayeweka kila kitu mdomoni. Midoli ya madukani ya watoto chini ya miaka 3 vipande vyake vidogo vinapimwa kwa kikopo maalum chenye upana wa milimita 31.7, kipande kikiingia chote humo hakiruhusiwi, maana kinaweza kumkaba mtoto. Hivi vifungo vinaingia vitano kwa pamoja. Na usidanganyike na macho ya plastiki yenye kufuli kwa nyuma, kitambaa cha kuvutika kikivutwa kila siku tundu linapanuka na jicho linatoka na kufuli lake. Darizi macho. Uzi wa kudarizi wa humu ni mzuri, ni ule wa nyuzi sita, ugawe utumie tatu, ingia na sindano ndefu kutokea nyuma ya kichwa ili fundo libaki huko nyuma litakapofunikwa na nywele, utokee kwenye jicho.

Uso wenyewe usikimbilie kuchora. Kabla ya uzi wowote weka pini mbili za kichwa cheusi mahali pa macho na moja nyekundu mdomoni, simamisha mdoli mbali, nenda kafanye kazi nyingine, rudi uutazame. Sisi tulihamisha pini mara nne. Ukiyaweka macho juu mdoli unakuwa mtu mzima, ukiyashusha katikati ya kichwa au chini kidogo ya hapo unakuwa mtoto mchanga, tofauti ni milimita chache tu na inabadilisha kila kitu. Binti yangu alikataa mdomo unaocheka. Alitaka wa kawaida, mstari mfupi tu, akasema, "mdoli akicheka kila siku, mi nikilia nae atakuwa ananicheka". Nilinyamaza kidogo hapo. Nikashona mstari mfupi.

Kuhusu kushona na watoto, wengi ndo wanachouliza, je seti inafaa kwa watoto? Inafaa ukigawa kazi. Wa miaka mitano alichambua pamba, alijaza (ana vidole vyembamba vinavyofika mahali vyangu havifiki), alichagua rangi, alinishikia pini kwenye kikombe na kuzihesabu zikirudi, pini zetu ni 20 na hatuinuki mpaka zitimie 20. Wa tisa alijifunza kupiga bandi (mshono wa mkono wa kwenda mbele tu) kwenye nguo, kwanza kwenye kadibodi niliyotoboa matundu kwa sindano, halafu kwenye kitambaa nilichomchorea mstari kwa penseli, mwisho akashona suruali nzima ya mdoli wake mwenyewe, mguu mmoja mrefu kidogo na amekataa nisiguse. Baba yao anakata, ana mkono uliotulia kuliko wangu. Jioni tunaweka mkeka chini, kila mtu na kazi yake, na naona watoto wanaongea mambo ya shule ambayo ukiwauliza uso kwa uso wanakwambia "hamna kitu". Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe.

Nguo siongei sana, pateni za gauni na suruali ni rahisi na zimekaa vizuri. Onyo moja tu, kile kitambaa chekundu kinachuja rangi. Kilituharibia kifua cha mdoli wa kwanza siku tulipoufua, umebaki na doa la waridi mpaka leo. Lowesha kipande cheupe usugue juu ya kila kitambaa kabla hujakata, kikitoka na rangi kifue peke yake mara kadhaa, tena kufua kwanza kunasaidia maana kitambaa cha pamba kinarudi, yaani kinapungua, kidogo baada ya maji ya kwanza na nguo ikirudi ikiwa imeshashonwa haimwingii mdoli tena. Mdoli wenyewe fua kwa mkono, kamua kwa kubonyeza kati ya taulo, usiusokote, na uukaushe mpaka ndani kabisa.

Nywele zimenichosha. Uzi wa sufu ni mzuri lakini ni kidogo, mweusi uliishia nusu ya kichwa cha pili. Shona utosini kwanza duara dogo, kila uzi kwa mshono wa kurudi nyuma, usigundishe kwa gundi hata wakikuambia inatosha, ile gundi inakauka inakuwa ngumu kama ganda na nywele zinang'oka na ganda lake.

Niliwaandikia waliotengeneza seti kuhusu vifungo na pamba, wakajibu siku ya pili kwa upole, wakasema pamba wataifikiria na wakanitumia bila malipo uzi mweusi mwingine wa sufu. Kuhusu vifungo hawakujibu, na hilo sikulipenda, nimewaandikia tena.

Nikitoa nyota natoa tatu kati ya 5. Kitambaa cha mwili peke yake ni tano, uzi wa kushonea ni moja, kijitabu ni mbili, kina picha nzuri lakini kinaruka hatua ngumu zote. Ukiweza kununua kitambaa cha mwili peke yake kwao nunua hicho, halafu pamba, uzi na vingine ujitafutie. Ukiwa hujawahi kushika sindano kabisa na huna mtu wa kumuuliza, nunua seti nzima lakini ongeza uzi imara na nusu kilo ya pamba siku hiyohiyo, usisubiri ikuishie katikati ya mguu wa mwisho mtoto amesimama anakusubiri.

Mdoli wa kwanza nimeurekebisha shingo kwa namna niliyosema, sasa kichwa kimenyooka. Binti aliukagua, akaugeuza, akatikisa, akaniuliza kama ule mshono wa nyuma ya shingo unaweza kubaki unaonekana ili tukumbuke alipoumia. Nimeuacha, nimeupitishia uzi mwekundu juu yake kama alivyotaka.